Nguzo ya Chuma na Kilima cha Kashozi: Wahaya Walivyoitafuta Siri ya Mbingu

Historia ya dini katika Buhaya, nchi ya ukanda wa magharibi wa Ziwa Victoria ambayo leo imegawanyika katika wilaya za Bukoba, Muleba na Missenyi mkoani Kagera, kwa kawaida huhesabiwa kuanzia mwaka 1892, pale Wamisionari wa Afrika, shirika la Kikatoliki linalojulikana zaidi kwa jina la Mapadre Weupe, walipofungua misheni yao ya kwanza ya Buhaya katika kilima cha Kashozi, kaskazini mwa mji wa Bukoba. Kwa historia ya kanisa hesabu hiyo ni sahihi, kwa sababu kutoka Kashozi imani ya Kikatoliki ilisambaa hadi Rubya, Kagondo, Mugana na kwingineko, na hata kuvuka mpaka wa Rwanda. Lakini ikichukuliwa kuwa ndiyo mwanzo wa Wahaya kumtafuta Mungu, kulitazama jua na kujiuliza huzama wapi, na kuwauliza wafu walikokwenda, hesabu hiyo inapotosha, kwa kuwa maswali hayo yalikuwa yameulizwa kwenye vilima hivyo kwa karne nyingi kabla ya mtu yeyote kushika kitabu, na majibu yake yalikuwa yamejengwa katika ngoma, katika chuma na katika miiko ya kila siku.

Mhaya wa zamani alimjua Muumba, naye alimwita Ruhanga, jina linalotokana na tendo la kuhanga, yaani kuumba, ambalo linapatikana pia katika lugha za jirani za Bunyoro na Ankole. Vilevile alimwita Rugaba, maana yake mgawaji, yule agawaye uhai, watoto na mali. Hata hivyo Ruhanga hakujengewa hekalu wala hakuwa na makuhani, na kwa mtazamo wa wengi alikuwa ameumaliza uumbaji wake na kukaa mbali. Wageni kadhaa waliotafuta huko Buhaya sala na sadaka za kumwelekea Muumba moja kwa moja hawakuziona, wakahitimisha kwamba watu hawa hawana dini, kosa ambalo wataalamu wa baadaye walilazimika kulisahihisha kwa taabu. Kile ambacho wageni hao hawakukielewa ni kwamba swali la Mhaya halikuwa kama Muumba yupo; hilo halikuwa na ubishi. Swali lilikuwa ni nani anayeyashughulikia mambo ya kila siku katika ulimwengu mkubwa kiasi hiki, nani anayeshika mvua, nani anayeshika ng'ombe, nani anayepokea roho za waliokufa, na ni kwa njia gani binadamu anaweza kuzungumza naye.

Jibu la swali hilo lilikuwa ni Wachwezi. Kwa jina hili masimulizi ya nchi zote za maziwa makuu, kuanzia Bunyoro hadi Buha, huwataja watawala wa kale waliotoweka duniani bila kufa kama watu wengine wafavyo, wakageuka kuwa roho zenye nguvu. Katika Buhaya mkuu wao ni Wamara, bwana wa kuzimu na wa roho za wafu, na pamoja naye wapo Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba. Irungu, mwenye pori na wanyama wa mwituni. Lyangombe, mwenye mifugo. Na Kazoba, ambaye jina lake limejengwa juu ya neno izoba, yaani jua, na ambaye ndiye aliyeshika jua na mwezi. Mtu aliyechaguliwa na mojawapo ya roho hizo, kwa kurithi katika ukoo au kwa kuugua ugonjwa usioeleweka, aliingizwa katika chama cha kubandwa, yaani kupandwa na roho na kusema kwa sauti yake, akafundishwa lugha ya siri, akavishwa rubugo, ile nguo ya gome la mti, pamoja na simbi na shanga za roho yake, na tangu siku hiyo akaitwa embandwa. Mwanahistoria Iris Berger, ambaye kitabu chake cha mwaka 1981 kilichunguza vyama hivyo katika falme za Afrika Mashariki, alionyesha kwamba humo wanawake walipata heshima na sauti ambayo baraza la mfalme lisingewapa, na kwamba mara nyingi vyama hivyo vilikuwa mahali pa upinzani dhidi ya nguvu za watawala.

Kisa cha Wamara kinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndani yake limo jibu la Wahaya kuhusu kifo. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, Wamara na wenzake waliingia pangoni, wakajikuta wamefika katika nchi ya chini ya ardhi iliyotawaliwa na Kintu. Msomaji aliyezoea masimulizi ya Buganda, ambako Kintu ni mtu wa kwanza na mfalme wa kwanza, atashangaa kumkuta hapa akiwa mfalme wa kuzimu, lakini majina katika nchi za maziwa husafiri na kubadili kazi. Kintu aliwakaribisha wageni, akawapa zawadi, kisha akamtaka Wamara akumbuke kurudisha shukrani. Wamara alirudi duniani, akastawi kwa mali aliyopewa, akasahau. Kintu alingoja, na alipoona kimya akamtuma Orufu, ambaye ni Kifo mwenyewe, kwenda kudai. Hatimaye ng'ombe aliyependwa kuliko wote alitumbukia majini, na Wamara, ambaye hakuweza kutengana naye, akamfuata pamoja na wenzake. Hivyo Wachwezi walitoweka, na hivyo kifo kilipata njia ya kuingia kwa watu.

Katika kisa hiki kifo si adhabu ya kuvunja amri, wala si ajali ya mjumbe aliyechelewa njiani kama ilivyo katika visa vingi vya Kibantu, bali ni deni. Uhai umetolewa kama zawadi hutolewa kati ya majirani, na zawadi isiyojibiwa huvunja ujirani. Watu walioishi katika nchi ambayo mgeni hakuruhusiwa kuondoka bila kutafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa, na ambayo mtu aliyepokea rubisi, yaani pombe ya ndizi, bila kurudisha siku nyingine alihesabika kuwa hana adabu, waliichukua kanuni ya sebuleni mwao wakaipeleka hadi mwisho wa ulimwengu. Hiyo ni tafakuri ya kina, na haipaswi kuitwa ngano ya watoto.

Kuhusu Mugasha, sababu ya kuheshimiwa kwake inaonekana hata leo kwa yeyote anayelala karibu na ziwa. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo ukavuma kutoka pande zote za ufuo kuelekea katikati ya ziwa, ukakutana huko na kuipandisha hewa yenye unyevu mpaka yakajengeka mawingu mazito ya radi. Kisha upepo mkuu wa mashariki huyasukuma mawingu hayo kuelekea magharibi, ndiyo maana Bukoba hunyeshewa sana nyakati za alfajiri na asubuhi, na ndiyo maana ukanda huu wa ufuo hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka ilhali Karagwe, umbali usio mkubwa kuelekea bara, hupata kiasi cha chini zaidi. Mvuvi aliyekuwa ndani ya mtumbwi wa mbao zilizoshonwa kwa kamba hakuwa na maelezo hayo ya hewa, lakini alijua vizuri kwamba dhoruba hutoka ziwani kuja nchi kavu, kwamba huja usiku, na kwamba yule aileteaye ndiye huyohuyo anayeinywesha migomba yake. Ndiyo sababu Mugasha hakuwa roho mbaya wala roho njema. Alikuwa bwana wa maji yanayoua na maji yanayolisha. Ng'ambo ya kaskazini, katika visiwa vya Ssese, Waganda walimwita Mukasa, na sifa zake zilivuma kiasi kwamba Desemba 1879, Kabaka Mutesa alipougua, mtu aliyekuwa chombo cha Mukasa, yaani aliyepandwa na roho yake, aliitwa hadi ikulu, na mmisionari Mskoti Alexander Mackay akasimama kupinga. Hiyo ilikuwa miaka 13 kabla ya Kashozi, lakini pande mbili zilizokutana ndizo zilezile.

Mwezi nao ulikuwa na heshima yake, na hapa mambo ya mbingu yaliungana moja kwa moja na mambo ya utawala. Falme nyingi za Buhaya zilitawaliwa na Wahinda, nasaba inayojitaja kuwa uzao wa Ruhinda, ambaye masimulizi humhusisha na Wachwezi na ufalme wa Karagwe. Mfalme, anayeitwa omukama, aliuongoza mwandamo wa mwezi kama jambo lake. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, aliyekaa Karagwe kwa Omukama Rumanika kuanzia Novemba 1861, aliiona sherehe hiyo na kuieleza: mbele ya ikulu zilipangwa ngoma 35 za ukubwa mbalimbali, kila moja na mpigaji wake, na mfalme akaketi akiwa amevaa mapambo yake, huku wakuu wa nchi wakifika mmoja mmoja kuonyesha utii wao, kwa kuwa kukosekana siku hiyo kulikuwa na maana mbaya. Kwa maneno mengine, mwezi ulipokufa na kuzaliwa upya angani, ufalme nao ulizaliwa upya ardhini, na kila mtu alihesabiwa alikosimama. Hata mfalme aliyekufa hakuachwa nje ya mzunguko huo, kwa sababu kaburi lake, linaloitwa gashani, lilikuwa na walinzi wa ukoo maalumu waliozitunza kumbukumbu zake na kuziadhimisha.

Kwenye mojawapo ya makaburi hayo ndiko kunakopatikana kisa kinachokusanya mambo yote haya. Katika kijiji cha Katuruka, eneo la Maruku, kusini mwa mji wa Bukoba, masimulizi humtaja Omukama Rugomora Mahe, mtawala wa Kyamtwara ambaye wanahistoria humweka katika karne ya 17. Inasimuliwa kwamba mfalme huyo alitaka kujua mbingu zina sura gani, akawakusanya wahunzi wa nchi yake na kuwaamuru wasimamishe mnara wa chuma utakaofika juu. Wahunzi walifua, mnara ukapanda, kisha ukaanguka, na walioujenga wakatawanyika au wakaangamia, kwa kadiri ya yule anayesimulia. Mahali walipofulia, wazee walipaonyesha chini ya mti mkubwa ulioitwa Kaiija, jina ambalo maana yake ni mahali pa kufulia chuma.

Msomaji wa Biblia hukumbuka mara moja Mnara wa Babeli, na wapo waliodhani kwamba Wahaya waliokota kisa hiki kwa wamisionari. Dhana hiyo ni dhaifu. Visa vya watu wa kale waliojaribu kujenga ngazi au mnara hadi kwa Mungu vinapatikana kwa Walozi wa Zambia, kwa Waluba wa Kongo na kwa mataifa mengine ya Afrika ya kati, na katika visa hivyo mnara ni wa miti, miti inayofungwa juu ya miti mpaka ya chini inaoza. Wahaya peke yao, au karibu peke yao, waliujenga kwa chuma. Zaidi ya hapo, katika Babeli watu wanaadhibiwa kwa kiburi na lugha zao zinachanganywa, wakati kisa cha Katuruka hakisemi kwamba Ruhanga alikasirika. Mnara unaanguka kwa uzito wake wenyewe. Tofauti hiyo ndogo inabeba maana kubwa, kwa sababu inaonyesha watu waliokubali kwamba kuitafuta mbingu si dhambi, ila kazi hiyo ni nzito kuliko chuma.

Mwaka 1970 mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt, baada ya kuwasikiliza wazee kwa muda mrefu, alichimba mahali palipoonyeshwa. Alichokikuta kilibadili historia ya chuma katika sehemu hii ya Afrika. Chini ya udongo kulikuwa na mabaki ya ufuaji na uyeyushaji wa chuma pamoja na vigae vya vyungu vya Urewe, aina ya vyungu vyenye kishimo kidogo kitakoni ambavyo huwatambulisha wakulima na wahunzi wa kwanza wa eneo la maziwa makuu, na makaa yaliyopimwa umri yalielekeza katika karne za katikati za milenia ya kwanza kabla ya Kristo. Wapo wanaakiolojia wanaozitilia shaka tarehe za mapema kabisa, kwa sababu mti wa kale uliochomwa kuwa makaa huweza kutoa umri mkubwa kuliko moto wenyewe. Lakini hata wao hawakatai kwamba chuma kiliyeyushwa hapo mamia mengi ya miaka kabla ya Rugomora Mahe kuzaliwa. Kumbukumbu ya mahali ilikuwa imetunzwa kwa mdomo, kwa mti na kwa jina, kwa muda ambao wasomi wengi wa wakati huo walikuwa wakisema masimulizi hayawezi kudumu.

Kwa nini mfalme wa karne ya 17 akapewa sifa ya chuma cha kale namna hiyo? Schmidt alipendekeza kwamba Wahinda, ambao walikuwa wageni kwa kulinganisha na koo za wahunzi, walihitaji kujishikiza katika mahali ambapo tayari palikuwa na nguvu za kiroho, hivyo wakauweka ufalme wao juu ya patakatifu pa koo za zamani na kumfanya mfalme wao kuwa ndiye aliyewaamuru wahunzi. Maelezo hayo yana nguvu, ingawa hayamalizi jambo. Siasa inaweza kueleza jina la nani liliwekwa katika kisa. Haielezi kwa nini mfalme anayesifiwa asipewe vita au ng'ombe, bali apewe hamu ya kuona sura ya mbingu.

Tanuri lenyewe linasaidia kueleza. Wahaya walichimba shimo, wakalijaza matete na majani ya kinamasi yaliyounguzwa nusu, kisha juu yake wakasimamisha ukuta wa vipande vya mavi ya chuma, yaani uchafu ulioganda kutokana na uyeyushaji wa awali, na wakauziba kwa udongo wa kichuguu, ambao hauogopi moto. Mirija mirefu ya udongo iliingizwa mpaka ndani, na mivukuto ya ngozi ikapulizwa bila kupumzika, hivyo kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mrija kabla ya kuyafikia makaa. Katika makala waliyoichapisha mwaka 1978, Schmidt na mtaalamu wa madini Donald Avery walikadiria kwamba joto ndani ya tanuri la namna hiyo lilizidi nyuzi 1,800 za Selsiasi na kwamba matokeo yake yalikuwa chuma chenye kaboni, karibu na chuma cha pua. Hoja yao kuhusu hewa iliyopashwa moto ilizua mjadala mrefu, lakini ustadi wa mafundi haukukanushwa. Matanuri ya kale yaliyofukuliwa Kemondo, pwani ya ziwa, yalikuwa na vishimo vidogo katika sakafu zake, na wazee waliojenga upya tanuri katika miaka ya 1970 walijua vishimo vya namna hiyo ni vya nini: humo huwekwa dawa kabla ya moto kuwashwa. Tanuri lilikuwa kama tumbo la mama. Wahunzi walijiepusha na wake zao kwa siku za kazi, kwa kuwa walikuwa, kwa maneno yao, wameoa tanuri, na chuma kilichotoka kilikuwa mtoto. Kazi hiyo baadaye ilionyeshwa katika filamu iitwayo The Tree of Iron.

Hapa ndipo mnara wa Rugomora Mahe unapoeleweka. Mhunzi alikuwa ndiye mtu pekee aliyeweza kuchukua udongo, upepo na moto akavigeuza kitu kipya ambacho hakikuwapo, tendo ambalo katika lugha ya Kihaya linakaribia kuhanga, kazi ya Ruhanga mwenyewe. Kama kuna mtu angeweza kupanda hadi kwa Muumba, ni yule aliyeiga kazi yake, na kama kuna kitu kingeweza kuhimili safari hiyo, ni chuma. Mnara ulikuwa ni swali lililoulizwa kwa kutumia utaalamu wa juu kabisa uliokuwapo, kama vile mataifa ya leo yanavyouliza swali hilohilo kwa darubini na vyombo vya angani.

Mapadre waliofika Kashozi hawakuja kwa mpango uliotulia. Tarehe 24 Januari 1892, huko Mengo, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana vita ambavyo Wakatoliki walishindwa, baada ya Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Kiingereza kuwaunga mkono wapinzani wao kwa bunduki za rashasha. Askofu Jean-Joseph Hirth na mapadre wake walikimbilia kusini, katika eneo la Wajerumani, ambako Emin Pasha alikuwa ameanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890. Kwa hiyo misheni ya Kashozi, ambayo jina lake maana yake ni kilima kidogo, ilianzishwa na wakimbizi, na pamoja na mapadre walikuwamo Waganda Wakristo waliokuwa wamejifunza imani yao katika miaka ya mateso ya mashahidi. Waganda hao wamesahauliwa mno katika masimulizi ya kanisa. Walifundisha kwa Kiganda, wakasalisha kwa Kiganda, na kwa miaka mingi Mhaya aliyebatizwa alimwita Mungu Katonda, jina la Kiganda lenye maana ya Muumba. Ruhanga alirudi kanisani baadaye.

Neno la Wahaya kwa waumini wapya lilikuwa abashomi, wasomaji. Hakuna neno linaloonyesha vizuri zaidi kile kilichobadilika. Dini ya kubandwa iliingia kwa mwili, kwa ugonjwa, ngoma na kupandwa. Dini ya Kashozi iliingia kwa jicho, kwa kukaa chini na kusoma. Kwa agizo la Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, mtu hakubatizwa mpaka awe amefundishwa kwa miaka 4, na katika miaka hiyo alitakiwa kuacha hirizi, vifaa vya kubandwa na sadaka kwa Wachwezi. Mapya mengine yalikuwa ya kimyakimya zaidi. Kengele ya misheni iligawa siku kwa saa ambazo jua halikuzijua. Wiki ya siku 7 ilifika na Jumapili yake. Na mwandamo wa mwezi, ambao ulikuwa wakati wa mfalme na wa roho, ukabaki kuwa mwanzo wa mwezi tu. Pengine hakuna hasara iliyokuwa kubwa kama hiyo, na hakuna aliyeililia, kwa sababu hakuna aliyeiona ikitokea.

Hata hivyo si kweli kwamba Kashozi iliyazima maswali ya kale. Kifo, ambacho kilikuwa deni la Wamara, kilipata jibu jipya katika msalaba, ambako kwa mafundisho ya Kikristo deni hulipwa na mwingine. Na inawezekana kabisa kwamba Mhaya aliyekulia kisa cha Wamara alilielewa fundisho hilo kwa haraka kuliko Mzungu aliyemfundisha. Watu walifuata njia zaidi ya moja. Uislamu uliletwa na wafanyabiashara wa pwani waliokuwa wamefika Karagwe tangu katikati ya karne ya 19, wakiweka kituo chao Kafuro. Waprotestanti Wahaya walikuwa wakisoma Biblia wenyewe kabla ya wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani kuwasili mwaka 1910. Na wapo waliohudhuria misa asubuhi na kumkumbuka Mugasha usiku radi ilipolia.

Ajabu nyingine ni kwamba sehemu kubwa ya yale yanayojulikana leo kuhusu imani za kale iliandikwa na watu wa upande uliozipinga au uliozitawala. Hermann Rehse, mtumishi wa utawala wa Kijerumani, alichapisha mwaka 1910 kitabu kikubwa kuhusu ufalme wa Kiziba. Padre Edmond Césard, Mmisionari wa Afrika, alichapisha visa vya asili ya Wahaya na methali zao katika jarida la Anthropos kuanzia mwaka 1927. Baadaye Mhaya mwenyewe alishika kalamu: Francis Xavier Lwamgira, Mkristo aliyekuwa mwandishi wa baraza la watawala wa Bukoba, aliandika kwa lugha ya kwao Amakuru ga Kiziba, historia ya wafalme wa Kiziba iliyotoka mwaka 1949, na bila kitabu hicho watafiti wote waliofuata wangekuwa maskini. Lwamgira hakuona aibu kuandika kuhusu Wachwezi akiwa amebatizwa. Katika hilo alikuwa mbele ya wakati wake.

Kanisa lilichukua muda kumfikia. Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912 Bukongo katika eneo la Muleba la sasa, alipadirishwa mwaka 1943, akawa askofu mwaka 1952, na tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane wa 23 akamfanya kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza wa nyakati hizi kufikia cheo hicho. Alishiriki Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao mwezi Oktoba 1965 ulitoa tamko la Nostra Aetate likikiri kwamba tangu kale mataifa yamekuwa na hisia fulani ya nguvu iliyofichika nyuma ya mwendo wa ulimwengu, na kwamba kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini hizo. Tamko hilo lilipotolewa, ilikuwa imebaki miaka 5 tu kabla ya majembe ya wachimbaji kuufikia moto wa kale wa Kaiija. Kwa upande wa Walutheri, Josiah Kibira, Mhaya mwenzake na askofu kuanzia mwaka 1964, aliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani kati ya 1977 na 1984. Kwamba nchi ndogo ya migomba ilitoa viongozi wawili wa kiwango hicho ndani ya kizazi kimoja si jambo la bahati. Watu hao walitoka mahali ambapo kufikiri kuhusu Mungu kulikuwa kazi ya zamani.

Wanakijiji wa Katuruka walianza wenyewe kulihifadhi eneo la Rugomora Mahe, wakiwa na kamati yao na jengo la makumbusho, baada ya kutambua kwamba maradhi ya Ukimwi, yaliyoipiga Kagera kwa ukali kuanzia miaka ya 1980, yaliwachukua wazee pamoja na wale ambao wangerithi masimulizi yao. Kashozi ina kanisa lake, makaburi ya mapadre wake na daftari zake za ubatizo, na historia yake itaandikwa tena na tena. Atakayeiandika safari ijayo asianzie na mtumbwi uliowaleta wakimbizi wa Mengo. Aanzie Katuruka, mahali pa Kaiija, na ayaandike kwa Kihaya na kwa Kiswahili majina ya roho, ya koo za wahunzi na ya walinzi wa magashani, akiwauliza wale wachache ambao bado wanayajua, na afanye hivyo mwaka huu.